"Sikohoi, mbona napewa dawa ya TB?" Maswali na majibu kuhusu tiba kinga kwa wanaoishi na VVU

Siku ya kliniki mtu anatoka dirisha la dawa na kopo lake la ARV alilolizoea, na pembeni kuna vidonge vingine asivyovijua. Akiuliza anajibiwa, "Hivyo ni vya TB." Anarudi kwenye benchi uso umebadilika. Maswali yanayofuata ni yale yanayorudi kila mara, na nimeyaacha yalivyo.

Sina homa, sikohoi. Dawa ya TB ya nini?

Unapewa kwa sababu huumwi. Anayeumwa TB hapewi hii, anapewa matibabu kamili. Vimelea vya kifua kikuu vikivutwa kwa hewa, mara nyingi kinga ya mwili huvizingira na kuvibana hukohuko mapafuni. Havifi, vinalala. Inakadiriwa karibu mtu 1 kati ya 4 duniani anavyo na hajui. Asiye na VVU akiwa navyo, uwezekano wa kuugua katika maisha yake yote ni kama asilimia 5 hadi 10. VVU hudhoofisha chembe zilezile za damu zinazovibana, kwa hiyo kwa mwenye VVU huamka kwa urahisi zaidi. Tiba kinga inavikuta bado vimelala.

ARV nameza kila siku na virusi vimefubaa. Bado hazitoshi?

Zinapunguza sana hatari, ila hazimalizi. Kuna utafiti uliofanyika Abidjan, Côte d'Ivoire, ukiitwa Temprano, wa watu zaidi ya 2,000 wenye VVU. Wale waliopewa isoniazidi, dawa mojawapo ya tiba kinga, kwa miezi 6 walipata pungufu la vifo la asilimia 37 katika miaka iliyofuata, wawe walianza ARV mapema au walichelewa. Kila dawa ina kazi yake.

Mtajuaje kama sina TB tayari?

Kwa maswali 4: unakohoa? Una homa? Unatoka jasho jingi usiku? Umepungua uzito? Maswali haya yanadharaulika. Nimeona watu wakijibu hapana, hapana, hapana, hapana kama wanaoitikia majina darasani, jicho liko saa ya ukutani, wanawahi daladala. Halafu akiinuka tu anakohoa. Kikohozi kinachoulizwa hapa ni cha siku zozote, hata kilichoanza jana. Usisubiri kifike wiki 2 ndiyo ukitaje.

Sababu ya ukali huu ni hii: TB kamili hutibiwa kwa dawa 4 zikianza pamoja. Mwenye TB akipewa dawa 1 au 2 za kinga peke yake, vimelea vingine vitakufa na vilivyobaki vitazoea dawa. Huo ndio usugu, na kuutibu ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo ukijibu ndiyo hata kwa swali 1, utapimwa makohozi kwanza na dawa ya kinga itangoja. Kile kipimo cha TB cha kudungwa kwenye ngozi ya mkono si sharti kwa mwenye VVU.

Nitameza kwa muda gani?

Inategemea kilichopo kituoni na hali yako. Kuna isoniazidi peke yake, kwa mtu mzima miligramu 300 kila siku kwa miezi 6, ikiambatana na vitamini B6 ili miguu isiingie ganzi wala kuwaka moto. Na kuna inayoitwa 3HP, yaani isoniazidi na rifapentini mara 1 kwa wiki, kwa wiki 12. Vikiwa vimeunganishwa, mtu mzima humeza vidonge 3 kwa mkupuo, baada ya kula. Ningekuwa mimi ndiye wa kuchagua ningechukua 3HP. Miezi 6 ni mirefu kwa mtu asiyeumwa, na wengi huachia njiani. Kilichoichelewesha ni bei: Oktoba 2019 ndipo dozi nzima ya rifapentini iliposhushwa kutoka dola 45 hadi 15 kwa nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati.

Mkojo umekuwa rangi ya chungwa!

Ni rifapentini. Hata machozi na jasho hubadilika, na fulana nyeupe inaweza kubaki na doa kwapani. Hiyo isikutishe. Cha kutisha ni mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, macho ya njano, kichefuchefu kisichoisha, au maumivu chini ya mbavu za kulia. Hapo ini linalalamika. Simamisha vidonge vya kinga na uende kituoni siku hiyohiyo. Na kwa kuwa ni ini, pombe iwekwe kando mpaka umalize; ukimficha nesi kuhusu bia unajificha mwenyewe.

Nina kijiti cha uzazi wa mpango. Kuna shida?

Ipo, kama unapewa 3HP. Rifapentini hupunguza nguvu ya vijiti na vidonge vya majira, kwa hiyo ongeza kondomu na uulize kuhusu njia nyingine. Taja pia ARV unazotumia: wa TLD (kidonge 1 chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) ambaye virusi vimefubaa kwa kawaida haongezewi dozi, lakini nevirapini, atazanaviri na lopinaviri hazipatani na rifapentini. Mjamzito hapewi 3HP.

Nilikula samaki, uso ukawaka na moyo ukaenda mbio.

Alikuwa jodari? Isoniazidi huzuia mwili kuvunjavunja kemikali iliyo nyingi kwa jodari, hasa akiwa amekaa muda mrefu tangu avuliwe. Wa pwani, mwacheni mpaka mmalize dozi. Ikikutokea, kamwonyeshe mhudumu.

Mume wangu ataogopa nitamwambukiza.

Vimelea vilivyolala haviambukizi. Mwambie unameza ili usije ukaugua, na ukiweza njoo naye.

Dozi ya Ijumaa nilisahau.

Kama unatumia 3HP na umekumbuka Jumapili, meza na Ijumaa endelea kama kawaida. Ukikumbuka Jumatatu au Jumanne, meza, na kuanzia hapo siku hiyo ndiyo siku yako. Usimeze dozi 2 kwa pamoja. Zikipita wiki 2 au 3, rudi kituoni ufidie: dozi zote 12 zinaweza kukamilishwa ndani ya wiki 16. Zikifika 4, huenda ukaanza upya. Njoo na vidonge vilivyobaki tuvihesabu pamoja.