Leza kali si dawa: dhana potofu kuhusu kupima jeti za gesi kwa infraredi

Gesi inapopenya tundu dogo kwa kasi na kuingia kwenye ombwe, hutanuka ghafla na kupoa mno. Mwali wa leza ya infraredi huikatiza jeti hiyo, molekuli za gesi hufyonza sehemu ya mwanga, na kitambuzi kilicho upande wa pili hupima mwanga uliopungua. Upungufu huo ni mdogo sana, na mbinu nyingi zinazopendekezwa ili kuuona vizuri hazilengi tatizo lenyewe.

Dhana: Ukitaka kuona zaidi, ongeza nguvu ya leza.

Dhana hii ndiyo inayomaliza bajeti za maabara. Leza isiyodhibitiwa inaweza kuyumba kwa sehemu moja katika elfu, na nguvu yake ikiongezwa, myumbo nao huongezeka kwa kiwango kilekile. Redio inayokwaruza ukiipandisha sauti, mikwaruzo nayo hupanda. Isitoshe, vitambuzi vya indiamu antimonidi, vinavyopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, huzidiwa upesi na mwanga mkali.

Tufanye hesabu. Miliwati 1 ya mwanga wa mikromita 3 hubeba takriban fotoni 1.5 × 10¹⁶ kila sekunde. Kama kikwazo kingekuwa idadi ya fotoni tu, sekunde moja ingetosha kuona upungufu wa sehemu moja katika milioni 100. Mwanga upo tele. Kinachokosekana ni utulivu.

Utulivu huo hutafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuugawa mwali kabla haujafika kwenye gesi: nusu ipite kwenye jeti, nusu ipite kando, kisha saketi itoe moja kutoka kwa nyingine ili myumbo wa leza ujifute. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuikatakata gesi yenyewe. Vali hufunguka kwa takriban milisekunde moja. Unasoma mwanga muda mfupi kabla haijafunguka, unasoma tena gesi inapopita, kisha unatafuta tofauti. Mawimbi yanayosababishwa na mwanga kuakisiwa kati ya nyuso za madirisha, ambayo huonekana kama ufyonzaji wa kweli, yapo hata gesi isipokuwepo, kwa hiyo mengi huondoka. Hata hivyo, madirisha yawekwe tangu mwanzo kwa pembe ya Brewster, yaani mwinamo ambao mwanga uliopolaraizwa ipasavyo karibu hauakisiwi.

Dhana: Jeti ni nyembamba na baridi mno, haina cha kupima.

Baridi ni msaada. Katika joto la kawaida molekuli hutawanyika kwenye viwango vingi vya nishati ya mzunguko. Kwenye kelvini 10 hivi (karibu nyuzi −263 za Selsiasi) hujikusanya kwenye vichache, na kila mstari wa ufyonzaji uliobaki, yaani kila rangi ya mwanga ambayo gesi huifyonza, huwa na nguvu zaidi. Wembamba nao una tiba. Badala ya tundu la duara, tumia mwanya mrefu, kama walivyofanya David Nesbitt na wenzake huko JILA, taasisi ya utafiti wa fizikia iliyoko Colorado, Marekani, miaka ya 1980. Mwali ukipita sambamba na mwanya wa sentimita 4, unakutana na gesi kwa urefu wote huo. Tena msongamano hupungua polepole zaidi gesi inapoondoka kwenye mwanya.

Dhana: Vioo vinavyoakisi 99.99% vitakupa kilomita 10 za gesi.

Vioo viwili vya aina hiyo vikiwekwa vikitazamana kwa umbali wa mita 1, mwanga hudunda kati yao na husafiri kweli takriban kilomita 10 kabla haujafifia. Lakini jeti ya sentimita 4 inachukua sehemu ndogo tu ya kila safari, kwa hiyo njia halisi ndani ya gesi ni mita 400 hivi. Ni nyingi bado, ila ndizo zinazopaswa kuingia kwenye hesabu ya msongamano.

Dhana: Rudia kipimo usiku kucha, kelele itaisha.

Wastani hupunguza kelele kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo: vipimo mara 100, kelele moja ya kumi. Hilo hudumu hadi joto la chumba linapobadilika na vioo kusogea kidogo. Kuanzia hapo, kuendelea kupima kunaharibu matokeo. Mwaka 1993 Peter Werle na wenzake walionyesha jinsi ya kukipata kikomo hicho kwa varianzi ya Allan, kipimo cha jinsi kelele inavyobadilika kadiri muda wa kuchukua wastani unavyorefuka, na kipimo hicho kifanyike kabla ya kupanga kazi ya usiku.