Kichochoro cha Nyuma ya Ploti: Yanayosemwa na Ukweli Wenyewe

Mitaa mingi ya Eastlands, Nairobi, ina kichochoro ambacho mama humkataza mtoto kupita jua likishazama. Mtaro umeziba, maji yamekuwa meusi kama makaa, na mifuko ya taka imerundikana chini ya ukuta ulioandikwa USIKOJOE HAPA. Mimi naishi ubavuni mwa kichochoro cha namna hiyo. Mwaka wa pili huu majirani wa ploti sita tumekuwa tukikifufua, na kuzoa taka hakukutushinda. Kilichotusumbua zaidi ni maneno. Kila tulipotaka kusogea hatua moja, palikuwa na mtu, mara nyingi mtu mwema kabisa, wa kutueleza kwa nini haitawezekana. Haya hapa ni yale niliyoyasikia mara nyingi zaidi.

"Hapo ni kwa kanjo. Ngojeni kanjo waje."

Kanjo ni watu wa kaunti. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu hiyo tusiiachie. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kwa hiyo anayefagia kichochoro haisamehi kaunti deni lake.

Tatizo ni kwamba lori la taka haliwezi kuingia kwenye njia ya mita mbili. Hata likija kila wiki, litasimama barabarani. Kati ya mlango wako na lori pana hatua hamsini au mia, na hizo ndizo zisizo na mwenyewe.

Tazama Dandora. Mtaa ule ulipangwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viligawiwa viwanja kama 6,000 vyenye maji, choo na njia, halafu kila mtu akajijengea. Nyumba zilipangwa kuzunguka uwanja wa pamoja ambao wakazi wanauita koti. Mpango ulikuwa mzuri, ila haukusema nani ataamka asubuhi kuufagia uwanja huo. Miaka ilivyokwenda, koti nyingi zikawa majaa, na nyingine zikawa mahali pa kuvizia wapita njia. Zilizobadilika hazikungoja hati mpya ya umiliki. Vijana waliozaliwa humo walizoa taka, wakapanda nyasi na miti, wakapaka kuta rangi, wakapangiana zamu. Leo ukipita unaona tofauti kati ya koti yenye zamu na isiyo nayo kabla hujaambiwa na mtu.

"Ni wale vijana wa kona wanaoharibu."

Katika Dandora ni wale vijana wa kona waliotengeneza. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba kwetu pia aliyekuja na beleshi siku ya kwanza alikuwa kijana ambaye kikao kizima kilikuwa kimekaa kumjadili.

"Bila mfadhili hakuna kitakachofanyika."

Kazi ya mwanzo inataka beleshi mbili, reki, magunia na wilbaro ya kuazima kwa fundi. Gharama kubwa huja baadaye: vifuniko vya mtaro, bomba, taa. Na zikifika, mkiwa tayari mna kamati na daftari la mapato, mnazungumza na kaunti au mfadhili mkiwa watu wenye kitu mkononi. Mashindano ya Changing Faces, yaliyoanzia Dandora kisha yakafunguliwa kwa mitaa mingine ya Nairobi, yalifuata mantiki hiyo hiyo: kikundi kinafanya kazi kwanza, zawadi inafuata. Koti zilizodumu zinajiendesha kwa mchango mdogo wa kila nyumba, ada ya kulaza magari usiku, na kuosha magari.

Kwetu shida ya pesa haikuwa uchache wake. Ilikuwa imani. Tulianza na shilingi hamsini kwa wiki kwa kila nyumba, zikaingia kwenye simu ya mtu mmoja. Alikuwa mwaminifu, lakini kufikia wiki ya nne hakuna aliyekuwa na hakika, na mchango ukakatika. Sasa wako wawili wanaoshika pesa, na kila Jumamosi jioni picha za risiti zote zinawekwa kwenye kundi letu la WhatsApp, hata ya kamba ya shilingi thelathini. Mchango ulirudi. Kama kuna ushauri mmoja ningependa mtu auchukue kwetu, ni huo wa risiti.

"Siku moja ya usafi kila mwezi inatosha."

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inawachosha watu wenye moyo. Wanatoka kwa wingi, wanapiga picha, wanapumzika, na baada ya wiki tatu kichochoro kimerudi kama kilivyokuwa. Mwezi unaofuata wanatoka nusu.

Watu hutolea mfano wa Rwanda. Kweli, Umuganda, yaani kazi yao ya pamoja ya jamii, hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, na wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wanatakiwa kushiriki. Tanzania nayo ina Jumamosi yake ya mwisho ya usafi. Ila wanaousifu Umuganda huku kwetu wanataja majembe tu. Wanasahau kwamba baada ya kazi wakazi hukaa kikao, wakazungumzia mambo ya mtaa wao. Bila kikao hicho, kazi ya mkono inabaki bila mtu wa kuifuatilia Jumatatu.

Chukua mtaro kama mfano, maana mtaro ndio moyo wa kichochoro. Ukiuzibua, unatoa tope zito lililolowa. Kwa kuwa limelowa, hakuna anayetaka kulibeba, basi linaachwa ukingoni "likauke kwanza". Mvua ya kwanza inalirudisha lote mtaroni. Tulifanya kosa hilo mara tatu. Siku hizi tunalitia kwenye magunia yenye matundu, yanasimama juani siku mbili yakichuja maji, halafu mkokoteni unayapeleka barabarani asubuhi ile ambayo gari la taka linapita. Ni jambo dogo, lakini limetuokoa zaidi ya siku yoyote kubwa ya usafi.

Jambo la pili ni pa kuanzia. Mtaro unazibuliwa kuanzia chini, maji yanakoishia, kupanda juu. Ukianzia juu, unayafungulia maji njia mpaka mlangoni kwa jirani wa chini, na huyo jirani hatakuja tena kikaoni. Kwa hiyo kabla ya beleshi la kwanza lazima mjue maji ya kichochoro chenu yanaishia wapi. Sisi tuligundua yetu yalikuwa yanaishia kwenye bomba lililofunikwa na kibanda cha kuuzia mkaa. Ilichukua miezi miwili ya maongezi, na chai nyingi, mpaka mama mwenye kibanda akakubali kusogea hatua tano. Sasa ndiye mlinzi wa bomba lile.

Halafu kuna kufagia kwa kila siku. Ploti sita, siku sita. Jumapili ploti zinapokezana. Anayeingia zamuni anafagia dakika ishirini na kuondoa kilichoziba kwenye wavu wa mtaro. Basi.

"Tumwage zege, tumalize."

Zege linapendeza, na kwa mwenye kiti cha magurudumu au mwenye mtoto mgongoni na mtungi mkononi, njia ngumu na tambarare ni ukombozi. Lakini zege halinywi maji. Chicago, jiji lenye vichochoro vya umma vyenye urefu wa kilomita kama 3,000, lililijua hilo kwa uchungu. Vichochoro vyake vingi havikuunganishwa na mabomba ya maji ya mvua, na maji yalikuwa yakiingia kwenye vyumba vya chini vya nyumba. Mwaka 2006 jiji likaanza mpango wa kuvitandika upya kwa matofali na zege lenye vinyweleo, ili maji yazame ardhini.

Hatuwezi kuuiga mpango huo ulivyo. Udongo wa mashariki mwa Nairobi kwa sehemu kubwa ni ule mweusi unaonata, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Maji hayazami humo kwa haraka, na zege jembamba likimwagwa juu yake hupasuka msimu wa pili. Hapo kinachofaa ni kuchimba kidogo, kushindilia murramu na kokoto, na kuupa uso wa njia mteremko kuelekea mtaroni. Fundi anayekuambia atamwaga tu juu ya udongo huo anakuuzia nyufa.

"Tairi kuukuu ni chungu bora cha maua."

Ni chungu cha bure, na kikipakwa rangi kinapendeza. Pia ni mahali ambapo mbu hutaga mayai. Maji kidogo yakituama ndani ya mdomo wa tairi yanamtosha Aedes, mbu anayeuma mchana na kueneza dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeyaonja zaidi ya mara moja. Tairi litobolewe chini na pembeni, lijazwe udongo mpaka juu pasibaki pa maji kukaa.

Na mboga? Hapa naomba watu wawe waangalifu sana. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliopima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Udongo uliokuwa jaa, au ulipochomwa nyaya na betri, hausafishiki kwa kufagiwa. Sukuma wiki ipandwe kwenye magunia yaliyojazwa udongo uliotoka kwingine. Udongo wa kichochoro wenyewe uachiwe maua na nyasi.

"Tukifunga geti tutalala salama."

Geti lina saa zake. Usiku wa manane linasaidia, sikatai. Ila mchana geti lililofungwa linaondoa wapita njia, na wapita njia ndio macho ya kichochoro. Mama anayeuza mandazi kwenye mlango wa kichochoro chetu anajua nani ni wa ploti gani, nani amekuja kumtafuta nani. Tulipomwekea bati la kivuli na benchi, wizi wa nguo kwenye kamba ulipungua kuliko wakati wowote tulipokuwa na kufuli.

Kisha kuna moto. Nyumba zilizobanana zinaungua kwa haraka, na gari la zimamoto likifika linasimama barabarani, watu wanaingiza mipira kwa miguu. Wakikuta geti limefungwa na mwenye ufunguo amesafiri, kila mmoja anajua kitakachotokea. Kama lazima geti liwepo, funguo ziwe kwa zaidi ya nyumba moja kila upande, na majina ya wenye nazo yabandikwe ukutani.

"Njia nyembamba ni alama ya umaskini, zipanuliwe."

Anayesema hivi hajatembea Lamu saa saba mchana. Mji ule, ulioandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulijengwa na watu waliokuwa na mali na ujuzi, na walizijenga njia zao nyembamba kwa makusudi. Kuta ndefu zilizokaribiana hutiana kivuli. Nje ya nyumba nyingi pana baraza, benchi la mawe lililoshikamana na ukuta, na hapo ndipo wazee hukaa, wageni hupokewa, habari hupokezana. Upana wa njia haukuwahi kuwa tatizo. Njia ilikuwa na watu waliokaa wakaitazama.

Benchi letu la mama mandazi, nikilifikiria vizuri, ni baraza tu iliyofika bara.

"Pakipendeza, sisi wapangaji tutapandishiwa kodi."

Hii nimeiweka na zile nyingine kwa sababu huwa inaitwa dhana potofu, na si potofu. Ni hofu yenye msingi. Wengi wanaofagia vichochoro vya Eastlands hawamiliki hata tofali moja. Wakikitengeneza kichochoro, chumba kinapata thamani, na thamani hiyo inamwangukia mwenye nyumba. Sheria ya kudhibiti kodi ipo, lakini inazilinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba kama hizo unazitafuta kwa tochi siku hizi. Kumwambia mpangaji aache wasiwasi ni kumdanganya.

Kwa hiyo sisi tulilileta jambo hili mezani mapema. Tuliwaita wenye nyumba wote sita kwenye kikao, tukawaonyesha daftari: saa zilizofanywa, pesa zilizotoka mifukoni mwa wapangaji, magunia ya tope yaliyobebwa. Tukawaomba waandike kwamba hawatapandisha kodi kwa miaka miwili kwa sababu ya kichochoro, na kwamba vifuniko vya mtaro watavilipia wao. Wanne wametia sahihi. Wa tano ametoa vifuniko lakini hataki kuandika chochote. Wa sita anasema bado anafikiria, na Jumapili hii zamu ni ya ploti yake.