Ufafanuzi: Kilimanjaro haukuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu, hasa ya wageni wanaojiandaa kuja Tanzania: eti mpaka na Kenya umepinda pale Kilimanjaro kwa sababu malkia wa Uingereza alimzawadia mlima huo mjukuu wake, kaizari wa Ujerumani, siku yake ya kuzaliwa. Hadithi tamu, nakiri. Ila si kweli.

Tazama miaka tu. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari huo mwaka 1886. Mjukuu huyo alishika ufalme 1888. Wajerumani walikuwa tayari wanadai nchi ya Wachagga kwa mikataba ya 1885, nao Waingereza walibaki na Mombasa. Fungua ramani: mstari unatoka pwani, unaiacha Taveta upande wa Kenya, unauzunguka mlima kwa kaskazini, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria.

Kinachowachanganya watu ni kwamba undugu wa wawili hao ni wa kweli. Tena mlima unaonekana vizuri mno kutoka Amboseli, Kenya, ingawa vilele vyake vyote viko Tanzania.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa miaka hiyo miwili: 1886, 1888.