Kuchangia damu mara kwa mara: maswali tunayoulizwa kwenye hema

Nikishazoea kutoa damu, nisipotoa itajaa mwilini niumwe kichwa?

Hapana. Swali hili hatulikosi, hasa kwa wale walioanza kuchangia wakiwa sekondari. Mwili hufidia kilichopungua, na kikisharudi hautengenezi cha ziada. Kichwa kikikuuma nenda kapime presha, damu usiisingizie.

Damu inarudi baada ya muda gani?

Tunachukua kama mililita 450. Majimaji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma huchelewa zaidi. Ndiyo maana mwanaume anasubiri miezi 3 na mwanamke 4, kwani mwanamke hupoteza chuma kila mwezi kwenye hedhi. Kula maini, dagaa, maharage au mchicha, na chungwa pembeni. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya kula, maana huzuia chuma kufyonzwa. Soda tunayokupa ni maji na sukari tu. Haiongezi damu, hata ikiwa nyekundu.

Mbona mmenitoboa kidole mkanirudisha?

Tone la damu yako tulilidondosha kwenye maji ya buluu ya mrututu. Likizama upesi, wingi wa damu unatosha, yaani umefika gramu 12.5 kwa desilita. Lako lilielea. Umri uwe miaka 18 hadi 65, uzito kilo 50 au zaidi. Mjamzito, anayenyonyesha na anayeumwa malaria wasubiri.

Naweza kuja ili nijue kama nina VVU?

Usije kwa sababu hiyo. Ni kweli kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kuonekana safi kwenye kipimo, na damu yake ikamwambukiza mgonjwa. Ukiwa na wasiwasi, kituo cha afya kitakupima bure. Kwenye fomu yetu jibu ukweli, hata maswali ya chumbani.

Mama yetu anatoka damu baada ya kujifungua. Kwa nini asiwekewe ya kwangu sasa hivi?

Kwa sababu ya kwako haijapimwa, na vipimo huchukua saa kadhaa. Mama anayetoka damu nyingi hana saa kadhaa. Atakayemwokoa usiku huu ni mtu asiyemjua, aliyechangia wiki mbili zilizopita. Yako itarudishiwa benki ya damu kwa ajili ya mwingine. Tena damu isiyogandishwa haikai sana: kwenye mfuko wa kawaida chembe nyekundu hudumu siku 35 kwenye friji, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa nje ya friji siku 5 tu. Kwa hiyo watu mia wakijitokeza siku moja halafu kimya miezi mitatu, friji litakauka. Na wengi huamini damu ya ndugu ndiyo salama zaidi. Siyo. Ndugu aliyebanwa na familia anaweza kuficha mengi, na chembe za kinga zilizomo kwenye damu ya ndugu wa karibu zinaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa, ingawa ni nadra.

Mgonjwa anayewekewa damu aangalie nini?

Kabla chupa haijafunguliwa (tunaiita chupa, ingawa ni mfuko wa plastiki), muuguzi asome jina na kundi la damu kwa sauti. Mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, asiitikie tu "ndiyo". Makosa mabaya zaidi mara nyingi huanzia hapo, si maabara. Dakika 15 za kwanza ndizo za kukaa macho. Akitetemeka, akapata homa, kiuno kikauma, pumzi ikabana au ngozi ikawasha, aseme hapohapo mpira ufungwe, hata kama ni saa nane usiku na chupa imebaki robo. Mwenye selimundu anayeongezewa damu mara nyingi atunze kadi ya kundi lake na ya madhara aliyowahi kupata, pia aulize kuhusu kipimo cha chuma, kwa sababu kila chupa huleta chuma ambacho mwili hauna njia ya kukitoa.