1780 si umri wa sarafu yako

Jamani, tuelewane. Juzi nimetumiwa picha ile ile tena: sarafu ya fedha iitwayo thaler, mama mnene, ushungi kichwani, 1780 upande wa pili, na swali, "Ina zaidi ya miaka mia mbili, naweza kuiuza milioni ngapi?" Huuzi milioni yoyote. Inawezekana kabisa ilipigwa babu yako akiwa shuleni.

Huyo mama ni Maria Theresia, mtawala wa Austria, aliyefariki Novemba 1780. Kufikia hapo wafanyabiashara wa Uarabuni na Ethiopia walishaizoea sura yake, na sarafu ya mtawala mwingine waliitilia shaka. Basi viwanda vya kupigia sarafu vikaendelea kupiga ile ile, mwaka ule ule: Vienna, Milan, Venice, baadaye Roma kwa ajili ya vita vya Mussolini huko Ethiopia, halafu London, hata Bombay. Vienna wanaipiga mpaka leo. Karibu zote zina herufi S.F. chini ya kifua, yaani Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg, mji ambao leo uko Bavaria. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1805.

Sasa linakuja swali linalonichosha zaidi: "Kwa hiyo ni feki?" Hapana! Imepigwa na kiwanda halali, gramu 28 na pointi, sehemu 833 kwa elfu ni madini ya fedha, kama ya kwanza. Ndiyo maana kuipima kwenye mizani ya sonara hakukusaidii kujua umri. Unajua tu kwamba ni fedha. Umri unatafutwa kwenye vitu vidogo: umbo la bruchi begani, manyoya ya mkia wa tai aliye upande wa pili, nukta kati ya maneno, herufi za ukingoni. Na ikiwa imening'inia kwenye kidani miaka hamsini, mkia wa tai umeshalika, hapo hata sisi wakusanyaji wa sarafu tunabahatisha. Katalogi zenyewe hazikubaliani. Anayekutajia kiwanda kwa picha ya WhatsApp, mwache aendelee na safari yake.

Msidhani ni huyu mama peke yake. 1756 Friedrich II, mfalme wa Prussia, aliivamia Saxony, jimbo jirani la Ujerumani, akakikamata kiwanda cha Leipzig pamoja na vyuma vya kupigia chapa, kisha akakikodisha. Zikatoka sarafu za theluthi ya thaler zenye sura ya August III, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, ndiye aliyeporwa kiwanda, na mwaka 1753, wakati vita havijaanza. Fedha ndani yake kidogo, shaba tele. Ikichakaa, shavu la August linakuwa jekundu kabla ya sehemu nyingine, kwa sababu ndilo limeinuka. Sura si ya aliyeipiga, mwaka si wake, fedha nayo imepunjwa. Hii mkiniuliza kama ni feki, angalau tutakuwa na la kubishania.