Masta ya kaunseling: uliza nani atakusupavaizi kabla hujalipa karo

Kila muhula mpya simu ni zilezile, mtu ana digrii ya ualimu ama sosholojia, mwingine ni nesi, anauliza masta ya kaunseling ni miaka mingapi na karo ni ngapi. Sawa, pesa haiokotwi. Lakini sisi tunaosimamia wanafunzi wa praktikamu (mafunzo ya kazi na klaenti halisi) hapa Nairobi tungefurahi ukiuliza kwanza nani atakusupavaizi, yaani mshauri mzoefu wa kukuongoza na kupitia kazi yako, maana nadharia za kina Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani, utazisoma darasani na mtihani utapita vizuri tu, halafu siku ya kwanza na klaenti unajikuta huna la kusema.

Hii tunaiona sana: msichana anaingia, anakaa, anasema "mi sina shida, ni mama tu amenituma." Kimya. Sekunde kumi hivi, mwanafunzi jasho linamtoka, anaharakisha, "usijali, Mungu yupo, jaribu kuongea na mama polepole." Basi, msichana anaitikia ehe, ehe, na bado kuna dakika arobaini. Supavaiza akisikiliza rekodi (tunarekodi tu klaenti akikubali) atasimamisha palepale kwenye kimya akuulize, uliogopa nini? Wewe, sio msichana. Ndo maana programu nyingi zinataka pia uende kaunseling yako mwenyewe, na mara nyingi unailipia mfukoni, so iweke kwenye bajeti mapema.

Upande wa sheria, Kenya ilipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia 2014, na lazima usajiliwe na bodi, cheti cha masta pekee hakikupi ruhusa ya kufungua ofisi. Dawa huandiki, hiyo ni kazi ya daktari wa akili, na kujua ni saa ngapi umpeleke klaenti kwake ni sehemu ya kazi. Noti za klaenti nazo ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hazirushwi WhatsApp hata kwa supavaiza.

Kuna jambo wanafunzi wanalikwepa sana, nalo ni kuuliza wazi, "umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu hilo wazo. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jela hadi miaka 2, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai (Penal Code) kinakiuka katiba, na wengi hawajapata hiyo habari, bado wanaogopa polisi, klaenti aliyejaribu anakwambia aliteleza tu. Mweleze mapema, kabla hajafunguka, kwamba siri ina mipaka maisha yakiwa hatarini.

Kwa hivyo ukienda kuulizia chuo, uliza supavaiza mmoja ana wanafunzi wangapi, mnakutana kila wiki ama akipata nafasi, na kama chuo kinakutafutia mahali pa praktikamu au utapewa barua tu uzunguke nayo mahospitalini mwenyewe.