Nhà ba gian, maneno ya Kivietinamu, ni nini?

Wengi hutafsiri haraka: nyumba ya vyumba vitatu. Sivyo. Gian ni nafasi iliyo kati ya safu moja ya nguzo na safu inayofuata, na ukuta si lazima uwepo. Kaskazini mwa Vietnam, kwenye bonde la Mto Mwekundu, nyumba za vijijini huhesabiwa kwa gian, kwa kawaida tatu au tano. Hesabu huwa witiri ili katikati ipatikane, na hapo katikati ndipo penye madhabahu ya wazee waliotangulia.

Uso wa nyumba huelekea kusini. Wenyeji wana usemi: mipopoo mbele, migomba nyuma. Mpopoo hauna matawi, kwa hiyo huachia upepo wa kusini upite wakati wa joto. Migomba huzuia ule wa kaskazini unaoleta baridi.

Mipopoo hiyo ya mbele ndiyo hazina ya bibi. Jani la tambuu, popoo na chokaa hutafunwa pamoja: Mswahili wa pwani hahitaji kueleweshwa, maana ni vitu vilevile vya kwenye kijamanda, kikasha cha tambuu. Huko Vietnam husema tambuu ndiyo mwanzo wa maneno; posa haiendi bila tambuu. Chungu cha chokaa kinaheshimiwa hata kuitwa "babu". Mdomo wake ukishazibwa na chokaa iliyoganda hakitupwi, hupelekwa chini ya mti mkubwa. Bibi asiye na meno hutwanga tambuu yake katika kinu kidogo. Wachache waliobaki wenye meno meusi hawakuyapata kwa kutafuna: waliyapaka rangi kwa makusudi walipokuwa wasichana, kwa kuwa wakati huo ndio uliokuwa urembo.

Nyumba zenyewe zimechoka. Kijiji cha Đường Lâm, karibu na Hanoi, chenye kuta za matofali ya mawe mekundu yanayochimbwa ardhini, kilitambuliwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2005. Mwaka 2013 baadhi ya wakazi waliandika barua wakiomba kuirudisha heshima hiyo. Familia zilikuwa zimeongezeka na kujenga ghorofa hazikuruhusiwa. Nawaelewa.

Kwingineko nguzo zimeng'olewa, zege imepanda. Katika nyumba hizo mpya madhabahu mara nyingi huwekwa ghorofa ya juu kabisa, na kila tarehe mosi na kumi na tano za mwezi mwandamo bibi hushika ukingo wa ngazi, akapanda taratibu kwenda kuchoma udi.